Bei ya Kuunganishiwa Umeme na Hesabu ya Nguzo

Msafiri apitaye katika barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Zambia huziona nguzo za umeme zikiandamana naye tangu Mlowo na Vwawa mpaka mpakani Tunduma. Akitazama kwa makini ataona pia nyumba zilizo hatua chache tu kutoka kwenye nguzo, lakini waya haukuingia ndani. Mwenye nyumba huutazama umeme kila siku ukipita juu ya paa lake, na jua likizama huwasha taa ya sola au kibatari. Ukiuliza sababu utaambiwa, "Hana fedha." Jibu hilo si la uongo, ila halimtoshi mtu anayetaka kupanga. Kwa sababu likifuatwa na swali la pili, yaani "Bei ipunguzwe kiasi gani ili ajiunge?", wengi wetu tutanyamaza.

Lipo na swali la tatu, ambalo huulizwa mara chache zaidi. Bei ikipunguzwa, nguzo haipungui bei. Mti umekatwa, umetiwa dawa, umesafirishwa na kusimikwa kwa gharama ile ile, na siku moja utaoza na kuhitaji kubadilishwa. Nani atalipa?

Makala hii inajaribu kueleza, kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifanya mwenyewe, namna bei inavyoathiri idadi ya watu wanaojiunga na huduma, na namna kampuni inavyoandika mali zake katika vitabu vya hesabu. Mambo haya mawili kwa kawaida hufundishwa mbalimbali, moja katika somo la uchumi na jingine katika somo la uhasibu. Kusudi letu ni kuonyesha kwamba ni jambo moja lenye pande mbili, na kwamba anayeutazama upande mmoja tu atafanya uamuzi mbaya.

Bei mbili za huduma moja

Mtu anunuaye sukari dukani hulipa bei moja: akitaka kilo mbili atalipa mara mbili ya kilo moja. Lakini zipo huduma ambazo mtu hawezi kuzitumia mpaka kwanza ajiunge. Umeme, maji ya bomba na simu ni za namna hiyo. Katika huduma hizi zipo bei mbili. Ya kwanza ni bei ya kujiunga, ambayo hulipwa mara moja mlangoni. Ya pili ni bei ya matumizi, ambayo hulipwa kwa kila uniti inayotumika. Wakati mwingine huongezeka ya tatu, yaani ada ya kila mwezi ambayo mteja hulipa hata kama hakuwasha taa.

Kila bei huathiri uamuzi wa namna yake. Bei ya matumizi humfanya mtu afikiri: je, nipige pasi leo au kesho? Bei ya kujiunga humfanya afikiri jambo kubwa zaidi: je, niingie au nisiingie? Uamuzi wa kwanza una ngazi nyingi, kwani mtu anaweza kupunguza uniti moja au kumi. Uamuzi wa pili una ngazi mbili tu, ndiyo au hapana.

Ada ya mwezi ina tabia yake. Hadi mwezi Machi 2016 wateja wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) waliokuwa katika kundi la matumizi ya kawaida, liitwalo T1, walilipa ada ya Sh. 5,520/= kila mwezi. Mteja aliyetumia uniti 552 kwa mwezi alikuwa akiongezewa shilingi 10 kwa kila uniti, lakini aliyetumia uniti 80 aliongezewa shilingi 69. Ada ilikuwa sawa kwa wote, ila uzito wake haukuwa sawa, maana mzigo mmoja haulemei mabega yote kwa kiasi kimoja. Ada hiyo ilifutwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2016 kwa uamuzi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), na bei ya uniti kwa kundi hilo ikateremshwa kutoka Sh. 298/= hadi Sh. 292/=, bila kodi na tozo. Watumiaji wadogo wa nyumbani, walio katika kundi la D1, bei yao ilikuwa Sh. 100/= kwa kila uniti mpaka kufikia uniti 75 kwa mwezi.

Safari ya bei ya kujiunga

Kabla ya mwaka 2013, mteja wa Tanzania aliyekuwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, asiyehitaji nguzo mpya, alitakiwa kulipa Sh. 455,108/= ili aunganishiwe umeme wa njia moja. Mwezi Januari 2013 bei hiyo iliteremshwa. Mjini ilikuwa Sh. 320,960/=, na kijijini Sh. 177,000/=. Aliyekuwa mbali zaidi alilipa zaidi: mteja wa mjini aliyehitaji nguzo moja alitozwa Sh. 515,618/=, na aliyehitaji nguzo mbili Sh. 696,670/=.

Kijijini upungufu haukuishia hapo. Katika miradi inayosimamiwa na Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, mwananchi alitakiwa kulipa Sh. 27,000/= tu. Msomaji anaweza kujiuliza namba hiyo ilitoka wapi. Hesabu yake ni nyepesi. Bei ya kijijini ya Sh. 177,000/= ilikuwa na sehemu mbili: Sh. 150,000/= za kazi yenyewe, na Sh. 27,000/= za Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo ni asilimia 18 ya 150,000. Kwa hiyo mwanakijiji aliachiwa kodi peke yake, na kazi yenyewe ikalipiwa na fedha za mradi.

Kuna kipindi wateja wa mijini nao walitozwa Sh. 27,000/=. Mwezi Januari 2022 bei ya mijini ikarudishwa kuwa Sh. 320,960/=, na ya vijijini ikabaki Sh. 27,000/=. Mabadiliko hayo yana maana kubwa katika mkoa kama Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya, ambamo mji na kijiji havikutengana kwa ukuta. Tunduma ni mji wa biashara unaokua upesi, na pembezoni mwake zipo nyumba ambazo jana zilikuwa shamba la mahindi. Mstari unaotenganisha mtaa na kijiji, unaochorwa ofisini, unakuwa tofauti ya takriban shilingi laki tatu kwa majirani wawili wanaochota maji katika kisima kimoja.

Je, bei ilipoteremka, watu waliongezeka? Waliongezeka sana. Lakini hapa mwanasayansi hana budi kuwa mwangalifu. Katika miaka hiyo hiyo nyaya zilikuwa zikisambazwa katika vijiji ambavyo havikuwa na umeme kabisa, idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka, na nyumba za bati zilikuwa zikichukua nafasi ya nyumba za nyasi. Mambo manne yalibadilika kwa pamoja. Anayesema kwamba ongezeko lote limeletwa na bei anafanana na mkulima aliyetia mbolea mwaka wenye mvua nzuri, kisha akaisifu mbolea peke yake. Ili kujua kazi ya bei, lazima tupate mahali ambapo bei ilibadilika na mambo mengine yakabaki kama yalivyokuwa. Mahali hapo papo, na ni kwa jirani zetu wa Kenya.

Jaribio la Busia na Siaya

Magharibi mwa Kenya, katika Busia na Siaya, watafiti watatu, Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram, walichagua maeneo 150 yaliyokuwa tayari na transfoma. Kaya 2,289 zisizo na umeme, ingawa zilikuwa karibu na nyaya, ziliingizwa katika utafiti. Bei ya kawaida ya kuunganishiwa umeme nchini humo wakati huo ilikuwa shilingi za Kenya 35,000. Kwa kutumia bahati nasibu, maeneo 75 yaliachwa na bei hiyo ya kawaida. Mengine 75 yaligawanywa katika mafungu matatu ya maeneo 25 kila moja: fungu la kwanza lilipewa bei ya 25,000, la pili 15,000, na la tatu liliunganishiwa bure. Kila kaya ilipewa wiki nane za kuamua.

Faida ya bahati nasibu ni kwamba hakuna aliyechagua bei yake. Matajiri hawakukusanyika upande mmoja wala maskini upande mwingine. Hivyo tofauti iliyoonekana mwishoni inaweza kuhesabiwa kuwa imeletwa na bei. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, nayo kwa kukaribisha ni haya:

Bei 35,000: kaya 1 katika kila 100 ilijiunga
Bei 25,000: kaya 7 katika kila 100
Bei 15,000: kaya 24 katika kila 100
Bure: zaidi ya kaya 95 katika kila 100

Wanauchumi hutumia neno unyumbufu kueleza jinsi uhitaji unavyoitika bei inapobadilika. Mpira ukivutwa kidogo ukarefuka sana, tunasema unanyumbuka; kamba ya katani ikivutwa kwa nguvu hizo hizo hairefuki. Uhitaji nao ni hivyo. Kipimo chake hupatikana kwa kugawanya badiliko la idadi ya wateja, kwa asilimia, kwa badiliko la bei, kwa asilimia. Ili jibu lisitegemee tumeanzia bei ipi, asilimia zote mbili hukokotolewa kutoka wastani wa namba mbili zinazohusika.

Tuchukue hatua ya kutoka 25,000 kwenda 15,000. Bei imebadilika kwa 10,000, na wastani wa bei mbili ni 20,000; hiyo ni asilimia 50. Kaya zimeongezeka kwa 17, na wastani wa 7 na 24 ni 15.5, hiyo ni takriban asilimia 110. Tukigawanya 110 kwa 50 tunapata 2.2. Unyumbufu ukizidi 1, kama hapa, kupunguza bei huongeza jumla ya fedha zinazokusanywa mlangoni. Na ndivyo ilivyo: kwa kila kaya 100, bei ya 25,000 huleta 175,000, na bei ya 15,000 huleta 360,000. Aliyeishusha bei amekusanya zaidi ya mara mbili.

Mwaka 2015 Serikali ya Kenya iliteremsha bei ya kujiunga hadi shilingi 15,000, ambazo ziliweza kulipwa kidogo kidogo. Mtu akiishia katika hesabu ya mlangoni atasema hapakuwa na haja ya kusita: wateja zaidi, fedha zaidi. Lakini watafiti wale walipiga hesabu ya upande wa pili pia. Waligundua kwamba kumuunganisha mteja mmoja mmoja kulikuwa ghali sana, na kwamba gharama kwa kila kaya ilishuka kadiri majirani wengi walivyounganishwa kwa pamoja, kwa kuwa waya na nguzo hizo hizo ziligawanywa kwa wengi. Hata hivyo, hata eneo zima lilipounganishwa kwa mara moja, gharama haikupungua chini ya dola 600 za Kimarekani kwa kaya. Shilingi 15,000 za Kenya wakati ule zilikuwa takriban dola 171.

Hapa tusikimbilie kusema kwamba wanakijiji hawautaki umeme. Kaya 95 katika 100 ziliupokea ulipotolewa bure, na zile zilizokataa bei ya 15,000 huenda ziliupenda sawa na zilizokubali. Utayari wa kulipa ni kipimo cha mambo mawili yaliyochanganyika: thamani ya kitu machoni pa mtu, na fedha zilizomo mfukoni mwake katika wiki zile nane. Mkulima wa kahawa wa Mbozi anajua jambo hili bila kufundishwa. Bei ile ile ambayo hawezi kuigusa kabla ya mavuno anaweza kuilipa baada ya chama chake cha ushirika kumlipa fedha za mazao. Isitoshe, ada ya kujiunga si gharama yake yote. Bado yupo fundi wa kutandaza nyaya ndani ya nyumba, na zipo swichi, soketi na taa. Ndiyo maana katika miradi ya vijijini nchini Tanzania kilibuniwa kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, kinachomwezesha mwenye nyumba ndogo kutumia umeme bila kutandaza nyaya nyumba nzima.

Nguzo inavyoingia katika vitabu

Sasa tuhamie upande wa pili. Vitu ambavyo kampuni inavimiliki na kuvitumia kwa miaka mingi, kama majengo, transfoma, nyaya na nguzo, huitwa mali za kudumu. Nguzo inaposimikwa, kampuni haiandiki kwamba imetumia fedha na zimekwisha. Huandika kwamba fedha zimegeuka kuwa mali nyingine. Gharama inayoandikwa ni bei ya mti pamoja na usafiri na kazi ya kuusimika, kwani nguzo iliyolala ghalani haimpi mtu mwanga.

Lakini mti hauishi milele. Hunyeshewa, huchomwa na jua, na mchwa huutafuta. Kwa hiyo kila mwaka mhasibu hupunguza sehemu ya thamani yake na kuiandika kuwa gharama ya mwaka huo. Sehemu hiyo huitwa uchakavu. Njia iliyo nyepesi zaidi ni kuchukua gharama, kutoa thamani inayotazamiwa kubaki mwishoni, kisha kugawanya kwa miaka ya kutumika.

Hesabu hii husaidia kuchagua. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba nguzo ya mti kutoka misitu ya Mufindi au Njombe, pamoja na kuisimika, inagharimu Sh. 300,000/= na hudumu miaka 20, na nguzo ya zege inagharimu Sh. 600,000/= na hudumu miaka 50. Atazamaye bei ya leo atachagua mti. Atazamaye uchakavu ataona kwamba mti unagharimu Sh. 15,000/= kwa mwaka na zege Sh. 12,000/=.

Ni muhimu pia kutenganisha matengenezo na mali. Kukata matawi yanayogusa waya ni matengenezo, na gharama yake huandikwa yote mwaka huo huo. Kuondoa transfoma ndogo na kuweka kubwa zaidi ni kupata mali mpya. Kampuni inayoandika matengenezo kuwa mali huonekana tajiri kuliko ilivyo. Inayofanya kinyume chake huonekana maskini kuliko ilivyo. Na ili haya yote yawezekane lazima pawe na daftari la mali, linaloonyesha kila kitu kiko wapi, kilisimikwa lini, kwa bei gani, na kina hali gani. Nguzo isiyo katika daftari haina umri, na isiyo na umri hakuna ajuaye itaanguka lini.

Mfano wa kijiji kimoja

Tuziunganishe pande mbili kwa mfano. Namba zifuatazo ni za kubuni kwa ajili ya mafunzo, isipokuwa ada ya kujiunga na bei za uniti tulizokwisha kuzitaja.

Kijiji kimoja katika Wilaya ya Momba kimejengewa laini na transfoma kwa Sh. 60,000,000/=, vinavyotazamiwa kudumu miaka 30 na kubaki bila thamani. Nyumba 120 zimejiunga kwa Sh. 27,000/= kila moja, jumla Sh. 3,240,000/=. Kilichobaki, yaani Sh. 56,760,000/=, kimelipwa na ruzuku, na mali ikakabidhiwa kwa shirika la umeme.

Uchakavu wa kila mwaka ni 60,000,000 kugawanywa kwa 30, yaani Sh. 2,000,000/=. Kanuni za kimataifa za uhasibu huruhusu njia mbili za kuandika ruzuku ya mali. Katika njia ya kwanza, mali huandikwa kwa gharama yake yote, na ruzuku huwekwa upande wa pili wa mizania kama mapato yanayosubiri, kisha huingizwa katika mapato kidogo kidogo kwa miaka 30. Kila mwaka itaingia Sh. 1,892,000/=. Tukiitoa katika uchakavu wa Sh. 2,000,000/=, gharama halisi inayobaki ni Sh. 108,000/=. Katika njia ya pili, ruzuku hutolewa moja kwa moja katika gharama ya mali, nayo ikabaki Sh. 3,240,000/=. Ukigawanya kwa miaka 30 unapata Sh. 108,000/= zile zile.

Vitabu havikusema uongo. Shirika halikutoa fedha zake, na gharama yake kwa kweli ni ndogo. Lakini hebu tusonge mbele mpaka mwaka wa 30. Nguzo zimeoza, transfoma imechoka, na ujenzi mpya unahitaji tena Sh. 60,000,000/=, au zaidi ikiwa bei zimepanda. Vitabuni zimehesabiwa Sh. 108,000/= kwa mwaka, ambazo kwa miaka 30 ni Sh. 3,240,000/=. Pengo ni lile lile la Sh. 56,760,000/=. Ruzuku ilijenga laini ya kwanza. Haikuahidi kujenga ya pili.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba uchakavu ni akiba, kana kwamba kila mwaka fedha huwekwa sandukuni. Sivyo. Uchakavu ni maneno yaliyoandikwa katika daftari yakitukumbusha kwamba kitu kinakwisha. Fedha za kukibadilisha zitapatikana tu ikiwa mapato ya kila mwaka yanatosha kulipa gharama nyingine zote na kubakiza kiasi cha uchakavu huo, na ikiwa kiasi hicho hakikutumiwa kwa jambo jingine.

Je, mapato ya kijiji chetu yanatosha? Tuseme kila nyumba hutumia uniti 25 kwa mwezi. Kwa mwaka nyumba 120 zitatumia uniti 36,000, na kwa Sh. 100/= kila uniti zitaleta Sh. 3,600,000/=. Ikiwa kuuzalisha na kuufikisha umeme huo kijijini kunagharimu Sh. 80/= kwa uniti, kinachobaki ni Sh. 720,000/=. Hakifikii uchakavu kamili wa Sh. 2,000,000/=, sembuse mshahara wa fundi anayepanda nguzo kukiwa na hitilafu.

Lakini kijiji hicho kikipata mashine moja ya kusaga nafaka, inayotumia uniti 2,000 kwa mwezi kwa bei ya Sh. 292/=, hesabu hubadilika. Mashine itatumia uniti 24,000 kwa mwaka, na kila uniti itabakiza Sh. 212/=, jumla Sh. 5,088,000/=. Pamoja na Sh. 720,000/= za nyumba tunapata Sh. 5,808,000/=. Sasa kinapatikana cha kulipia matengenezo, na uchakavu wote unafunikwa. Mashine ya kusaga, kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa, karakana ya kuchomelea vyuma: hao ndio wateja wanaoibeba nguzo. Idadi ya waliojiunga ni habari njema, lakini uhai wa laini hutegemea zaidi wanachokifanya baada ya kujiunga.

Tusisahau kwamba ruzuku nayo ina mwenyewe. Mfuko wa Nishati Vijijini hupata sehemu ya fedha zake kutokana na tozo ya asilimia 3 katika umeme unaonunuliwa na wateja, na sehemu nyingine kutokana na tozo katika mafuta. Mwenye duka wa Tunduma anaponunua umeme wa LUKU, na dereva wa lori anapojaza mafuta kabla ya kuvuka mpaka, wote wanachangia nguzo ya kijiji ambacho huenda hawatakifika. Bei ya Sh. 27,000/= haikuifuta gharama; iliihamisha kutoka mlangoni kwa mmoja na kuigawa kwa wengi. Kuna sababu njema za kufanya hivyo, ila yafaa ijulikane.

Funzo la reli

Watu wa Songwe wana mfano mkubwa wa mali iliyochakaa karibu yao. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, huingia Zambia kwa kupitia Tunduma. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba wa yuan milioni 988, na ilikusudiwa kuchukua tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka. Katika mwaka wa fedha 2014/15 ilichukua chini ya tani laki moja. Sababu zake ni nyingi, zikiwemo ushindani wa barabara na mabadiliko ya biashara. Lakini mojawapo ilikuwa vichwa vya treni, mabehewa na njia yenyewe kuchakaa pasipo fedha za kutosha za kuvibadilisha. Mizigo ikapungua, mapato yakapungua, na uwezo wa kutengeneza ukazidi kupungua. Mwezi Septemba 2025 ulitiwa sahihi mkataba wa miaka 30 na kampuni ya CCECC ya China, wenye thamani ya takriban dola bilioni 1.4, wa kuifufua na kuiendesha reli hiyo. Mali isiyofanyiwa akiba kidogo kidogo hudai fedha zake zote kwa siku moja.

Hitimisho

Tumeona kwamba bei ya kujiunga ina nguvu kubwa kuliko inavyodhaniwa: mahali ambapo bei ya juu ilimvuta mtu mmoja katika mia, kutoa huduma bure kuliwavuta karibu wote. Kwa hiyo anayetaka umeme uwafikie wanyonge hana budi kuishusha bei ya mlangoni, au kuigawa katika malipo madogo yanayofuata msimu wa mavuno. Lakini tumeona pia kwamba bei iliyoshushwa huacha pengo katika mizania, na pengo hilo halionekani siku ya sherehe ya kuwasha taa. Huonekana miaka ishirini au thelathini baadaye, nguzo ikiinama. Uamuzi wa bei na daftari la mali vipaswa kusomwa katika kikao kimoja, na swali la kwanza la mwananchi, "Nitalipa kiasi gani kujiunga?", lifuatwe daima na la pili: "Na nguzo hii ikianguka, imeandikwa kwamba nani ataisimamisha?"

Maswali ya kujadili darasani

1. Tuseme katika kijiji cha mfano wetu ada ya kujiunga ingekuwa Sh. 177,000/=, na nyumba 40 tu zingejiunga badala ya 120. Kokotoa unyumbufu kwa njia ya wastani. Je, ada zote zilizokusanywa zingeongezeka au zingepungua, na kwa kiasi gani?

2. Nyumba 80 zisizojiunga zingeweza kutumia uniti 25 kila mwezi, na kila uniti ingebakiza Sh. 20/=. Faida ya ada iliyopatikana katika swali la 1 ingemalizwa na hasara hiyo baada ya miaka mingapi?

3. Pamoja na mwalimu wako, hesabuni nguzo zilizo kati ya shule yenu na barabara kuu. Tengenezeni daftari la mali lenye namba ya nguzo, mahali ilipo, aina yake (mti au zege) na hali yake kwa kuitazama mkiwa mbali bila kuigusa. Ni nguzo zipi mngezitengea fedha kwanza, na kwa nini?

Majibu: (1) Unyumbufu ni takriban 0.68, ada zingeongezeka kwa Sh. 3,840,000/=. (2) Miaka 8.